Motere Ikiimba Vizuri, Moshi Wake Bado Unaua

Siku ya Mungu, kisha misa, ukipita katika kampi moja ya zamani pembeni ya Kolwezi, utasikia sauti kali kama nyuki elfu moja waliofungwa ndani ya kopo. Fuata sauti ile, utafika katika parseli ya muzee mmoja, mekanisien aliyekwisha kupata pansiyo. Juu ya meza ya mbao amefunga kwa bulo nne motere ndogo, kubwa kama ngumi ya mtoto, na mbele yake helisi. Watoto wa kampi wanasimama nyuma ya motere. Mbele na pembeni anawakataza, juu helisi ile inazunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika moja, na kidole cha mtu haiwezi kukihurumia.

Ni motere ya ndege ya mchezo, ile ndege ndogo ambayo mtu anaisimamia kutoka chini kwa radio. Enjenyeri mmoja muzungu aliyefanya kazi huku aliiacha kwa muzee wakati alirudi kwao. Ndege yenyewe ilivunjika zamani, iliingia katika muti wa maembe. Motere ilibaki.

"Katika garaji nilikuwa na malori na bakompresa," muzee aliniambia. "Lakini kusikia motere nilijifunza hapa, kwa hii ka motere. Hii haidanganye mutu. Ukikosa kidogo, inakuambia palepale."

Ndugu msomaji, sikuenda kwa muzee juu ya ndege. Mimi ni delege wa sindika, na kazi yangu ni watu. Miezi michache nyuma tulizika vijana wawili, watoto wa mfanyakazi mwenzetu, waliokuwa wanachimba kwa mkono. Majina yao sitayaandika, wala jina la shimo, juu familia bado iko na machozi. Walishusha motopompi ya esansi ndani ya shimo kutoa maji, na wote wawili walibaki kule chini. Siku mbili mbele ya ile, motopompi ilipita mikononi mwa muzee huyu. Aliisafisha, akaifanyia régler, ikaanza kuimba vizuri.

Kwenye kilio, rafiki yao mmoja alisema neno ambalo halijanitoka kichwani: "Mbele ilikuwa inatoa moshi mingi, hatukushuka nayo. Sasa moshi iliisha. Tukasema: iko safi, tunaweza kushuka nayo."

Juu ya neno lile ninaandika leo. Nitaeleza namna motere inavyokula, namna ya kuisikiliza, namna ya kulinda grupe yako isife haraka. Mambo yale ni ya faida kwa kila nyumba. Lakini fika mpaka mwisho, juu pale njo kuna uzima wa mtu.

Tajiri na maskini

Kila motere ya esansi inakula vitu viwili: mafuta na hewa. Karbirateri ni kama mama anayepika bukari: maji na unga lazima vipatane. Kwa kilo moja ya esansi, motere inataka karibu kilo 15 za hewa. Mafuta yakizidi, mekanisien anasema mchanganyiko ni "tajiri". Mafuta yakipunguka na hewa ikizidi, anasema ni "maskini".

Motere tajiri inakohoa, inatoa moshi mweusi au mzito, inachafua buji, inakunywa mafuta bure. Motere maskini inapiga mbio, sauti inakuwa kali, joto linapanda, kiisha piston inashika ndani ya silinda na motere inakufa. Muzee anacheka akieleza: "Njo kama sisi. Maskini anakimbia sana, anapata joto, anakufwa mbele ya tajiri."

Motere ya ndege ya mchezo haikunywi esansi. Inakunywa metanoli, aina ya alkoli, iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha karibu sehemu 18 au 20 juu ya 100. Watu wengine wanaongeza nitrometani kidogo ili ipate nguvu. Kilo moja ya metanoli inataka hewa kilo 6 na nusu tu, kwa hiyo motere ile inakunywa zaidi ya mara mbili kuliko ingekunywa esansi. Buji yake haitoi cheche. Ndani kuna waya mwembamba wenye platini. Unaupasha moto kwa pile ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, kiisha unatoa pile, na waya unabaki mwekundu wenyewe, juu ya joto la kubanwa na juu metanoli inaungua ikigusa platini.

Hapa niwaonye wazazi. Metanoli iko na harufu ya pombe, lakini hapana lutuku. Kiasi kidogo tu kinapofusha macho, na kinaua. Tena moto wake mchana karibu hauonekani: unaweza kuungua mkono mbele ya kujua kwamba unawaka. Muzee anaweka chupa yake ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli.

Kusikiliza kwa masikio na kwa vidole

Karbirateri ya motere ile iko na sindano, ni kusema visi nyembamba yenye ncha inayofunga na kufungua njia ya mafuta. Ukiikaza, mafuta yanapunguka, motere inakuwa maskini. Ukiilegeza, inakuwa tajiri. Kazi yote ni sindano ile, lakini kuna watu wanaofanya miaka bila kuielewa.

Muzee anaanza sindano ikiwa wazi, karibu mizunguko miwili na nusu, ni kusema upande wa tajiri. Anawasha na kuacha motere ipate joto. Mbele ya kupata joto haigusi sindano, juu motere baridi inasema uongo. Kiisha anafungua gazi yote. Sauti inatoka nzito, kama mtu anayesema na chakula kinywani, moshi mweupe wa mafuta unatoka mwingi. Anakaza sindano kidogo, anangoja sekunde tano au sita, anasikiliza. Anakaza tena kidogo. Sauti inapanda, inakuwa safi, kali, moja. Pale motere imefika juu kabisa.

Watoto wanapiga kelele wakidhani kazi imekwisha. Muzee anawatazama, kiisha anarudisha sindano nyuma, anailegeza kidogo, mpaka sauti inashuka kipande.

"Juu ya nini unarudi nyuma?" mtoto mmoja aliuliza.

"Juu huko juu mbinguni hakuna mutu wa kuikamata ikikosa mafuta," alijibu. "Ukiiacha paka juu kabisa, ndege ikiinua pua, tanki inakuwa chini ya karbirateri, mafuta yanapanda kwa shida, motere inakuwa maskini. Inakufwa kule juu. Mimi nataka ibaki na akiba."

Kiisha anaonyesha. Anainamisha meza ili pua ya motere itazame juu, sekunde kumi. Sauti ikipanda kidogo, ni vizuri, akiba iko. Sauti ikishuka na kulegea, sindano bado imekazwa sana, lazima kuilegeza.

Kwa mwendo wa polepole kuna visi nyingine. Motere inazunguka pole nusu dakika, kiisha anafungua gazi mara moja. Ikikohoa na kutoa moshi mbele ya kupanda, ni tajiri. Ikikufa ghafla bila moshi, ni maskini. Na kuna njia nyingine ambayo watoto wanaipenda: motere ikizunguka pole, unabana kwa vidole mpira unaoleta mafuta. Ikikufa palepale, ilikuwa maskini. Ikipanda mbio sekunde mbili tatu kiisha ikafa, ilikuwa upande wa tajiri: ilikuwa na mafuta ya ziada, na yalipopunguka ilipita kwanza mahali pazuri.

Sikusoma mambo ya motere, nilimaliza humanités za biashara. Lakini nilipoona jambo lile la kubana mpira, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba "vizuri" ni mahali padogo katikati ya mabaya mawili.

Grupe yako ya nyumbani

Wengi wetu hatuna ndege, lakini tuko na ile grupe ndogo ya detan, ni kusema ya mapigo mawili, inayokunywa esansi iliyochanganywa na mafuta. Umeme ukienda, njo inayotuwakia balbu na kuchaji telefone. Sheria zake ni zilezile za motere ya muzee, na makosa tunayofanya ni yaleyale kila siku.

Kosa la kwanza ni mafuta. Katika motere ya detan hakuna mafuta mengine ya kulainisha isipokuwa yale unayochanganya na esansi. Soma kibandiko cha motere yako. Kikisema 1 juu ya 50, ni mililitre 20 za mafuta kwa litre moja ya esansi, au 100 kwa litre tano. Kikisema 1 juu ya 25, ni mililitre 40 kwa litre. Pima kwa kitu chenye alama, kama biberon ya zamani ambayo mtoto hatanyonya tena. Usipime kwa macho.

Watu wengine wanamimina mafuta mara mbili wakisema "njo italindwa muzuri". Hapana. Mafuta yakizidi, esansi inapunguka katika kila tone linalopita kwenye jikleri. Buji inachafuka, na mchanganyiko wa esansi na hewa unakuwa maskini bila wewe kujua.

Kosa la pili ni filtri ya hewa. Vumbi yetu tunaijua, wakati wa kiangazi inafunika mpaka majani ya maembe. Filtri ikijaa vumbi, hewa inapunguka, motere inakuwa tajiri na kutoa moshi. Kijana anaona moshi, anatoa filtri na kuitupa. Moshi unapunguka, anafurahi. Kumbe sasa motere inavuta vumbi ya mawe, inasaga silinda kama msasa. Osha filtri ya sponji kwa sabuni, ikaushe, ipake mafuta kidogo, irudishe.

Kosa la tatu ni kuchezea visi wakati ugonjwa uko mahali pengine. Motere ikiwa maskini ghafla, mbele ya kugusa visi tazama vitu vinne: jikleri kama imezibwa, maji ndani ya esansi, tundu la kifuniko cha tanki kama limefungwa, na juwe kati ya karbirateri na silinda kama inapitisha hewa. Ikiwa tajiri ghafla, tazama filtri, na tazama kama starteri imebaki imefungwa. Tena esansi tunayonunua kwa bakadhafi barabarani, mara nyingine imechanganywa na petroli ya taa. Hakuna visi inayoponya esansi mbaya.

Kiisha soma buji. Itoe, itazame. Rangi ya kahawa yenye maziwa: vizuri. Nyeusi na yenye majimaji: tajiri. Nyeupe kama chokaa: maskini, simamisha motere leo, usingoje kesho.

Na kuna jambo la mlima. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, Kolwezi karibu 1,400. Hewa yetu ni nyepesi, imepunguka zaidi ya sehemu 10 juu ya 100 kuliko ya pembeni ya bahari. Motere iliyopimwa kiwandani kule chini, ikifika huku inakuwa tajiri kidogo na nguvu yake inapunguka. Usishangae grupe yako haifikishi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Shimo

Sasa nirudi kwa vijana wetu.

Wachimbaji hawashushi motopompi ndani ya shimo juu ya ujinga. Kuna sababu ya kweli. Pompi iliyo juu inavuta maji kwa kutegemea uzito wa hewa. Pembeni ya bahari, hata pompi kamili haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya metre 10 na kidogo. Kwa mlima wa Kolwezi haifiki metre 9, na kwa kazi ya kweli, na mpira wa kawaida, ni 6 au 7. Ukiongeza nguvu ya motere, haisaidii kitu. Règlement ya migodi inaruhusu shimo la mchimbaji wa mkono lifike metre 30. Kwa hiyo maji yakiwa metre 12, mwenye pompi moja tu ya esansi anaona njia moja: kuisogeza karibu na maji. Anafunga kamba, anashusha.

Tupige hesabu, kila mtu anaweza kuifanya. Shimo la metre moja kwa metre moja, lenye metre 10 kwenda chini, lina metre kibu 10 za hewa. Litre moja ya esansi, ili iungue yote, inataka zaidi ya metre kibu 10 za hewa yetu. Litre moja tu inaweza kula hewa yote ya shimo lile, na motopompi ndogo inaweza kuimaliza katika muda wa saa moja au kupita kidogo. Mtu aliye chini anagawana hewa na motere, na motere inakula kumupita.

Lakini kuna kitu kinachofika mbele ya hewa kuisha. Kinaitwa monoksidi ya karboni, wanaandika CO. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inatoka katika kila motere ya esansi. Motere tajiri inaitoa mingi sana, sehemu kadhaa juu ya 100 za moshi wake. Motere iliyopimwa vizuri inatoa kidogo, lakini bado inatoa ya kuua: katika hewa tunayovuta, sehemu moja juu ya 1,000 ukiikaa muda mrefu inatosha kumaliza mtu, na sehemu moja juu ya 100 inaua kwa dakika chache. CO inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu iliyoshikwa haibebi tena pumzi. Unavuta hewa, kifua kinapanda na kushuka, na mwili unakufa kwa kukosa hewa.

Moshi ule unaouona kwa macho, mweusi au mweupe, ni masizi na mafuta. Kile kinachoua hakionekani. Ukiondoa moshi wa macho kwa kurekebisha karbirateri, umeondoa ile kengele iliyokuwa inakuonya, na mwizi amebaki ndani ya nyumba.

Tena sikiliza jambo hili, juu hata muzee hakulifikiri mpaka tulipokaa na kulizungumza pamoja. Régler yote anafanya kwenye parseli, katika hewa ya Mungu. Ndani ya shimo, kisha dakika chache, motere inaanza kuvuta moshi wake yenyewe. Oksijeni inapunguka lakini esansi inaendelea kuja kiasi kilekile. Ni kama kufunga starteri polepole: mchanganyiko unakuwa tajiri, na CO inapanda. Ile motere iliyoimba vizuri pale juu, kule chini haiko tena ileile. Hakuna visi inayoweza kuzuia jambo hilo.

Wazee wa migodi ya Ulaya walijua CO mbele yetu. Katika miaka ya 1890, mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane alionyesha kwamba wachimbaji wengi waliokutwa wamekufa kisha mlipuko, hawakuuawa na moto wala na mawe. Waliuawa na hewa ile. Akashauri washuke na ndege mdogo, kanari, juu ndege anaanguka mbele ya mtu. Uingereza iliwatumia kanari mpaka 1986, wakati vifaa vya kupima viliwachukulia nafasi. Sisi katika mashimo yetu hatuna kanari wala kifaa. Tuko na masikio tu, na CO haina sauti.

Tufanye nini

Neno la kwanza: motere ya esansi au ya mazutu haishuki ndani ya shimo. Hata ikiwa mpya, hata ikiwa ndogo, hata "dakika tano tu", hata ukiiacha chini bila mtu na kushuka kisha kuizima. Hewa mbaya inabaki shimoni muda mrefu kisha motere kunyamaza.

Neno la pili: kama maji yako chini ya metre 6 au 7, kazi ile ni ya pompi ya umeme inayozama ndani ya maji. Grupe inabaki juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Waya tu njo unashuka. Waya uwe mzima, bila mahali palipofungwa kwa sashe, na uwe na disjonkteri inayokata umeme ukivuja, juu maji na umeme si marafiki. Kama pompi ile haipo, ndoo na kamba ni polepole, lakini ndoo haijaua mtu kwa moshi.

Neno la tatu ni kwa wenye mashimo na kwa wale wanaotoa feza ya kuanzisha kazi. Pompi ya umeme ni bei kali, najua. Lakini bei ile isiwekwe juu ya mabega ya kijana anayeshuka. Mnapogawa mali, mnatoa kwanza feza ya chakula, ya mpira, ya kamba. Tunaomba pompi iingie katika hesabu ileile. Na nyinyi wachimbaji, mbele ya kukubali kazi, ulizeni: maji yatatoka namna gani? Hilo si swali la woga.

Neno la nne: mkimwona mwenzenu ameanguka chini, msishuke. Najua ni vigumu, ni ndugu yako, anakuita au amenyamaza. Wa pili katika vijana wetu hakuanguka pamoja na wa kwanza. Alishuka kumfuata. Zimeni motere kama inafikika kutoka juu, iteni watu, mpulize hewa safi ndani kwa kila njia. Anayeshuka mpaka awe na kifaa cha kupumua, au hewa ya shimo iwe imekwisha kubadilishwa. Kila anayeanza kazi ashuke akiwa amefungwa kamba mwilini, ili watu wa juu waweze kumvuta bila kumfuata.

Dalili ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kulegea, usingizi. Wengi wanadhani ni malaria au ni uchovu. Kama watu wawili au watatu wanaumwa kichwa pamoja mahali pamoja, tokeni nje wote. Kwenye hospitali muambieni infirmier wazi: "Amevuta moshi wa motere." Atajua kwamba anahitaji oksijeni, hapana sindano ya malaria.

Na kwenu bamama, nyumba pia ni shimo. Grupe iliyowekwa ndani ya kukuru au koridori usiku juu ya wezi, milango imefungwa, ni hatari ileile. Na mbabula ya makala iliyoingizwa chumbani wakati wa baridi ya mwezi wa sita inatoa CO vilevile, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Grupe ibaki nje, ifungwe kwa cheni. Wezi wakiichukua, tutalia siku moja.

Muzee hakuacha motere yake ndogo. Siku ya Mungu bado anaiwasha, watoto bado wanabana mpira na kucheka. Lakini mtu akimletea motopompi, hafungui tena sanduku lake la funguo palepale. Anauliza kwanza: "Itakaa wapi?" Akijibiwa "ndani ya shimo", anairudisha kwa mwenyewe, na feza pia anairudisha.

Juzi kijana mmoja alikasirika, akamwambia atapeleka kwa mekanisien mwingine. Muzee alisimama, akamsindikiza mpaka kwenye barabara, akamweleza tena hesabu ile ya litre moja na metre kibu 10. Kijana alisikiliza, akabeba motopompi yake akaenda. Hatujui aliipeleka wapi. Kwa hiyo ninaiandika hapa, ili mekanisien mwingine naye aisome.